Naombeni mchambue skripti hii: posa ya sato Mwaloni

Msomaji_Igoma

Wakuu, habari za leo.

Kuna kikundi cha vijana watano hapa Igoma, Mwanza, wanaandika vichekesho vifupi vya kurekodi kwa simu, na skripti zao napitia mimi kabla hawajaingia mtaani. Hii ya sasa ina kurasa sita. Ukiisoma kwa sauti inachukua dakika saba, na sehemu za kucheka kweli ni mbili tu. Ila ina kitu ndani yake, ndiyo maana sitaki kuwarudishia na "haijakaa vizuri" basi.

Kwa kifupi: Mteja anatoka Sengerema. Ukurasa mmoja na nusu ni safari, alivyolala Busisi akisubiri kivuko, kisha anagombana nauli na bodaboda pale Nyegezi. Anafika soko la Mwaloni Kirumba kununua sato mmoja. Mama muuza samaki anampokea kama kijana aliyekuja kuposa. Mwishoni mgambo wanavamia, watu wanakimbia, mteja anaamka kitandani: ilikuwa ndoto. Mama ataigizwa na mwanaume aliyevaa gauni, na ameandikiwa lafudhi nzito ya Kisukuma.

Hiki ni kipande cha ukurasa wa tatu, nimeweka namba:

1. MTEJA: Mama shikamoo.
2. MAMA: Marahaba mwanangu.
3. MTEJA: Huyu sato bei gani?
4. MAMA: Nani amekutuma?
5. MTEJA: Nimekuja mwenyewe.
6. MAMA: Umekuja mwenyewe! Bila mshenga!
7. BODABODA: Hahaha! Bosi, anadhani umekuja kuoa!
8. MTEJA: Yaani mama, unamfanya samaki kama binti yako wa kuolewa?
9. MAMA: Mahari yake ng'ombe kumi na wawili.
10. MTEJA: (Anateleza kwenye magamba, anaanguka. Watu wanacheka.)
11. MAMA: Kabila gani wewe?
12. MTEJA: Mama, mimi nataka samaki wa kukaanga tu.
13. MAMA: Kishika uchumba umekuja nacho?
14. BODABODA: Hapa leo tutalala!

Ubovu uko wapi hasa?

Karabai

Mkuu, hao vijana wana kiini kizuri na wamekizika. Kabla ya kukosoa mstari wowote, andika kiini kwa sentensi moja: mtu anataka kununua samaki, muuzaji anamtendea kama mkwe mtarajiwa. Hiyo sentensi iweke juu ya ukurasa, halafu pita kila mstari ukiuliza unaihudumia au hauihudumii. Safari ya Sengerema haiihudumii. Mgambo hawaihudumii. Nauli haiihudumii. Vyote vinaondoka, hata kama kimojawapo kinachekesha, kwa sababu kinachekesha kwa jambo jingine na mtazamaji anaanza kujiuliza hadithi inahusu nini.

Na hiyo ya kulala Busisi ina kasoro nyingine. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025. Mtu wa huku akisikia habari ya kulala Busisi kusubiri kivuko anajua moja kwa moja kwamba skripti ni ya zamani, na maoni chini ya video yatakuwa ya daraja, sio ya sato.

Sasa kipande chenyewe. Mstari wa 4 ndio bora kuliko yote. "Nani amekutuma?" ni swali ambalo muuzaji yeyote angeweza kuuliza, mtazamaji anashtuka kidogo lakini bado hajui. Mstari wa 6 unamjulisha. Hapo kicheko cha kwanza kinakuja. Halafu mistari ya 7 na 8 inakiua, maana wahusika wawili wanafuatana kutuelezea tulichokwisha kuelewa. Futa yote miwili. Mtazamaji anacheka pale anapounganisha mwenyewe. Ukimuunganishia, umemnyang'anya kazi yake.

Mstari wa 9 uko mahali pabaya. Posa ina ngazi zake na kila Mtanzania anazijua: hodi, mshenga, barua, kishika uchumba, faini, mkaja wa mama, mahari, wosia. Hizo ngazi ndizo mifupa ya skripti yenu, mmepewa bure. Ukiruka mpaka ng'ombe kumi na wawili kwenye mstari wa 9, kishika uchumba cha mstari wa 13 kinakuwa kushuka chini, na kichekesho kikishuka mara moja hakipandi tena. Panga kutoka dogo kwenda kubwa, bila kurudi nyuma.

Mstari wa 12 ndio dhahabu, na wameupitisha kimyakimya. "Nataka samaki wa kukaanga" mbele ya watu wanaomwona yule samaki kama binti yao ni neno la kutisha. Linatakiwa lije mwishoni, baada ya mambo kukaribia kukubaliana, na baada yake iwepo sekunde mbili au tatu za kimya. Hapa Mama anajibu kama hajasikia.

Kuanguka kwenye magamba: futa. Na popote skripti inapoandika "watu wanacheka", futa pia. Hiyo ni mwandishi anajichekea mwenyewe.

Mwisho wa ndoto usikubali hata kwa dawa. Unamwambia mtazamaji kwamba yote aliyofuatilia hayakutokea. Waandishi wanaukimbilia kwa sababu hawajui watokeje. Dawa yake ni kurudi kwenye kiini na kutafuta hatua moja ya mwisho ndani ya kiini hichohicho.

BintiMalimbe

Nakubaliana na Karabai kwenye mengi, ila bodaboda nisingemfuta. Skripti inahitaji mshenga, na bodaboda tayari amesimama pale anadai nauli yake. Mteja amgeukie yeye. Muigizaji mmoja anafanya kazi mbili, na kuwepo kwake kunapata sababu. Ukiona mhusika anatoa maoni tu pembeni ("hapa leo tutalala"), muulize mwandishi: huyu anataka nini? Akikosa jibu, mpe kazi au mtoe. Bodaboda anaweza kupewa kazi.

Kitu kikubwa ninachokiona mimi ni kwamba Mteja hafanyi chochote cha mteja. Yeye analalamika tu: "unamfanya samaki kama binti yako". Mtu anayelalamika hampi mwenzake pa kushika. Mwache anunue samaki jinsi watu wanavyonunua samaki kila siku, na kila tendo lake la kawaida Mama alisikie kama la posa. Hapo hamhitaji kubuni vichekesho, vinajitokeza vyenyewe. Angalia:

Anafunua shavu la samaki aone kama matamvua bado ni mekundu. Mama: "Toa mkono! Hata hatujafahamiana!"

Anauliza ana kilo ngapi. Mama: "Unaulizia uzito wa binti wa watu mbele ya wazazi wake?"

Anauliza ni wa leo au wa jana. Umri huo, na unaulizwa hadharani.

Anasema "ngoja nizunguke kwanza nione na kwa wengine". Hii ni kubwa, iwekwe mbele zaidi, maana ni tusi kwa ukoo mzima.

Anaomba apunguziwe. Mama anawaita wazee.

Waambie vijana wakae sokoni nusu saa na daftari, waandike maneno ambayo wanunuzi wanayasema kweli. Watapata ishirini. Wachague sita yenye maana mbili. Yasiyo na maana ya pili wayaache hata kama ni matamu.

Kuhusu mwanaume kuvaa gauni na lafudhi ya Kisukuma. Shida yake ya kiufundi ni kwamba inampa mtazamaji kicheko kimoja sekunde ya kwanza, halafu inakaa pale dakika zote zilizobaki ikishindana na kiini. Macho yako kwenye gauni, masikio kwenye lafudhi, na maneno ya posa hayasikiki. Pia inamfanya Mama awe kituko tangu anaingia. Kichekesho hiki kinahitaji kinyume chake: Mama ni mtu mzima mwenye heshima zake, anaijua mila, anampenda yule sato, na hatanii hata kidogo. Akitabasamu mara moja tu, kila kitu kimekufa. Lafudhi ya kwake mwenyewe muigizaji, kama ni ya Kisukuma, iwe tu ilivyo. Huku Mwanza si jambo la kuchekwa, ndivyo watu wanavyoongea. Na jamani kuna akina dada wanaoweza kuigiza, watafuteni.

Mstari wa 11, "kabila gani wewe", ungekuwa mzuri kama swali la kawaida la wakwe, lakini ukikaa kwenye video bila jibu la maana unaleta mjadala mwingine kabisa. Weka "kwenu ni wapi na mna ziwa?" badala yake. Mzazi anayetaka kujua binti atakwenda kukaa wapi.

Mwalo_Igombe

Naongeza ya samaki tu, maana kichekesho cha sokoni kikikosea samaki watu wa ziwa wanakitupa.

Mwaloni Kirumba inajulikana zaidi kwa dagaa wakavu na kayabo (sangara wa kukaushwa kwa chumvi). Mkiweka meza ya sato wabichi pale, hakikisheni nyuma yake magunia ya dagaa yanaonekana, vinginevyo nendeni mkarekodi kwenye mwalo (ufukwe wanaposhushia samaki) wa samaki wabichi. Ombeni ruhusa kwa uongozi wa soko, na jueni kwamba asubuhi kuna kelele za mikokoteni na wabebaji. Maneno ya Mama hayatasikika kwa maiki ya simu. Maiki ndogo ya kubana shatini au khangani inatosha, au mrekodi mchana watu wakipungua.

Sato wa kwenye meza awe mkubwa. Sheria inakataza kuvua sato chini ya sentimita 25, na watu wanalijua hilo kwa macho bila rula. Mkionyesha mdogo, mtaambiwa mnatangaza uvuvi haramu.

Kama mnataka mkwe mpinzani, tumieni sangara. Sangara anakula samaki wenzake na hata watoto wake mwenyewe, ni ukweli unaojulikana kila mwalo. Mama anaweza kusema: "Ukoo wa sangara hatuoleani nao, wale wanakula watoto wao." Ila msimtie Mama maneno kwamba sangara ni mgeni na sato ni mwenyeji wa ziwa. Sangara aliletwa miaka ya 1950, na huyu sato tunayemla leo naye aliletwa miaka hiyohiyo.

Jingine la bure: dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikiwaka uvuvi unasimama. Kuna kichekesho hapo kuhusu mabinti wanaotoka usiku, lakini mtazamaji wa Dodoma hataelewa. Kama video ni ya watu wote, msikiweke mahali pa kubeba uzito.

Msomaji_Igoma

Asanteni sana wakuu, nimenakili yote. Maswali mawili. Kwa video ya simu iwe na urefu gani? Na ninawaambiaje? Ukurasa wa kwanza na nusu wameuandika wiki nzima na wanaupenda.

FundiMaandishi

Kwa simu, lenga sekunde 90, usivuke dakika mbili. "Nani amekutuma?" isikike ndani ya sekunde kumi za kwanza. Kwa jukwaani unaweza kufika dakika nne, kwa sababu watu wamekaa na hawana kidole juu ya kioo. Usikadirie kwa kurasa. Kanuni ya ukurasa mmoja kwa dakika moja ni ya skripti za filamu zenye maelezo mengi. Mazungumzo mfululizo yanabadilika kulingana na ukimya, na kichekesho hiki kina ukimya mwingi. Shika saa.

Kuhusu kuwaambia, fanyeni usomaji wa mezani. Waandishi wasisome. Tafuta watu wengine wasome, hata kama si waigizaji, maana mwandishi akisoma mwenyewe anaziba mashimo kwa sauti yake. Waandishi wakae na nakala zao na kalamu, midomo imefungwa. Waweke alama tatu tu: mstari mahali watu walipocheka, duara mahali walipotabasamu, na msalaba mahali mtu alipoangalia simu au kujigeuza kitini. Ukurasa mmoja na nusu wa safari ukipita bila mstari hata mmoja, hutahitaji kusema neno. Wataona karatasi.

Waalike watu sita hadi wanane ambao hawajasikia wazo. Ndugu na wapenzi wasije. Na usiwaeleze mapema inahusu nini.

Baada ya hapo wewe unaongea, kwa utaratibu huu. Kwanza waambie kiini ulichokiona na waulize kama ndicho walichokusudia. Usiruke hatua hii. Mara nyingi mkosoaji anakosoa skripti iliyo kichwani mwake, na waandishi walikuwa wanaandika nyingine. Kwa mfano, labda kwao kiini ni mtu wa Sengerema kuonewa mjini, na hapo ndipo safari ilipotokea. Kama ndivyo, wachague moja. Safari ikawe skripti yake yenyewe, na hapo hawajapoteza wiki yao.

Pili, waonyeshe mistari inayofanya kazi, kwa namba. "Mstari wa 4 na wa 12" ni msaada. "Mna vipaji" si msaada.

Tatu, matatizo matatu tu. Ukiwapa kumi na tano watashughulikia yaliyo mepesi, watarekebisha tahajia na kubadili majina, na mwisho wa ndoto utabaki. Kwa skripti hii ningewapa: anzeni mezani kwa samaki, pangeni ngazi za posa, tafuteni mwisho ndani ya kiini. Mavazi, lafudhi na ukubwa wa sato vingoje toleo la pili.

Sema ulichopata kama msomaji, mahali ulipokipata. "Kwenye mstari wa 8 nilikuwa nimeshaelewa, nikasubiri" linamsaidia mwandishi. "Haichekeshi" halimsaidii, na "mimi ningeandika hivi" linamnyang'anya skripti yake. Mfano wa kuandikiwa utoe pale tu wanapokwama, na uwe wa kipande kifupi.

Kuna kosa la wakosoaji wengi ambalo nalitaja kwa uzito: kuongeza vichekesho. Skripti ikiwa haichekeshi, mtu anashauri "ongeza utani hapa". Karibu kila mara dawa ni kupunguza. Ondoa mistari ya 7, 8, 10 na 14 kwenye kile kipande bila kuongeza chochote, kisome tena kwa sauti. Kinachekesha zaidi.

Karabai

Kwa vile wamekwama mwishoni, naweka mfano mfupi. Wazo la bodaboda kuwa mshenga nalichukua. Nimeruka ngazi za katikati kwa makusudi, hizo waziandike wao.

MTEJA: Shikamoo mama. Huyu sato bei gani?
MAMA: (Anaweka kisu chini. Anafuta mikono.) Nani amekutuma?
MTEJA: Nimekuja mwenyewe.
MAMA: (Kwa jirani wa meza ya pili) Kaja mwenyewe.
JIRANI: (Anajifunga khanga vizuri, anasogea.) Vijana wa siku hizi.
MTEJA: (Anafunua shavu la samaki.)
MAMA: Toa mkono!
MTEJA: Naangalia kama ni wa leo.
MAMA: Umri wake tutamwambia mshenga, si wewe.
(MTEJA anamtazama BODABODA anayesubiri nauli. BODABODA anavua helmeti.)
BODABODA: Hodi wenyewe. Tumepita njia, tumeona ua kwenye beseni lenu.
MAMA: Huyu ana adabu. Karibu.

[hapa zije ngazi: kilo, faini ya kufunua shavu, mkaja, "ngoja nizunguke kwanza"]

MAMA: Basi tumekubali. Wosia wetu ni mmoja. Akikushinda mrudishe nyumbani, usimpige.
MTEJA: Jamani, mimi nakwenda kumkaanga.
(Kimya. JIRANI anamfunika sato kwa khanga. BODABODA anavaa helmeti, anaondoka bila nauli.)
MTEJA: Basi nipimieni dagaa.
MAMA: (Anageuka, anayatazama magunia.) Dagaa? Wale bado wanasoma.

Vitu vya kuwaonyesha hapo. Wosia ni maneno ya kweli ya wazazi, hayajabadilishwa hata silabi. Kinachochekesha ni kwamba yanasemwa juu ya samaki. Kukaanga kunagonga kwa sababu kumetanguliwa na huo wosia. Bodaboda kusahau nauli kunaeleza ukubwa wa kosa bila mtu kuongea. Magunia ya dagaa yawe kwenye picha ya kwanza kabisa, yasiingie mwishoni. Nimechagua dagaa badala ya furu kwa sababu furu anajulikana huku ziwani tu, dagaa anajulikana mpaka Mtwara.

Na neno la kuchekesha likae mwisho wa sentensi. "Bado wanasoma wale dagaa" ni maneno yaleyale na hayachekeshi, maana kicheko kinakuja huku muigizaji bado anaongea. Video ikatwe palepale kwenye "wanasoma", kabla Mteja hajajibu kwa uso wala mdomo. Wasiweke muziki wa kuchekesha juu yake.

Ngazi za katikati ziwe tatu au nne, kila moja mistari miwili. Wakishaandika, isomeni tena na watu wapya, si wale wa mara ya kwanza, halafu weka hapa toleo la pili pamoja na muda wake kwa saa.